Baiskeli Iliyompita Babu Mlangoni

Mwezi uliopita nilirudi kilimani kwetu, upande wa Bugomora, kuangalia kama migomba ya marehemu bibi bado inazaa. Inazaa, tena ina nguvu kuliko haya magoti yangu. Nilisimama kupumzika pale ulipokuwa mlango wa ua wa babu, na mara kijana mmoja akateremka na baiskeli, mikungu miwili ya ndizi imefungwa nyuma, kengele ikilia. Akapita. Utasema baiskeli ni baiskeli, ndugu yangu, zimejaa kila njia. Lakini mimi baiskeli ya kwanza kupita njia ile niliiona kwa macho yangu, na nusura ivunje ndoa ya shangazi.

Ilikuwa zamani za Wajerumani, kabla hawajapigana na Waingereza. Nilikuwa mtoto wa kubeba kibuyu kidogo cha maji, pengo mbele, maswali kinywani kutwa nzima. Bibi alizoea kusema kwamba maswali yangu yangekuwa maharage, tusingelala njaa kamwe. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia ua, kisha kumsaidia shangazi kutandika nyasi mbichi ndani ya nyumba. Mpaka leo nikipita mahali penye nyasi zilizokatwa na umande wake, naiona nyumba ile ya msonge, moshi ukipenya paani, chungu cha ndizi kimefunikwa kwa majani ya mgomba na kinatokota polepole.

Shangazi alikuwa dada mdogo wa baba, kitinda mimba wa babu, na alikuwa ameposwa na mwenye duka. Tulimwita hivyo tu. Wazee wake walitoka pwani. Yeye aliuza chumvi, shanga na kaniki, akazunguka mpaka Rugu kununua kahawa na ngozi. Alivaa kanzu nyeupe katika nchi ya matope mekundu, jambo ambalo bibi alilihesabu kuwa ushujaa. Babu hakukubali upesi. Walizungumza habari ya dini, wakazungumza mahari, wakaelewana, likabaki jambo moja tu: mwenye duka aje siku iliyopangwa, akae mbele ya wazee, atafune kahawa yetu.

Nikueleze hilo, maana vijana wa siku hizi hawalijui. Kwetu kahawa haikuwa ya kunywa. Ilichumwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa, ikawekwa katika kijikapu, na mgeni akapewa punje atafune. Mtu akipita mlangoni kwako bila kusimama, bila salamu ya kukaa kitako, bila kuonja hata punje moja, amekuambia kwamba nyumba yako haina watu. Hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Na shangazi alimtaka mtu yule. Najua, kwa sababu siku ile nyasi alizitandika, akazitoa, akazitandika upya.

Tulikuwa tumeshasikia kwamba mwenye duka ameleta kutoka Bukoba kitu cha chuma kinachombeba, chenye magurudumu mawili, moja mbele ya jingine. Kilichonisumbua ni hilo la moja mbele ya jingine. Kitasimamaje? Nilifunga vibuyu viwili kwenye kijiti, nikavisimamisha, vikaanguka. Nikavisimamisha tena, vikaanguka, kimoja kikapasuka. Nilimpelekea bibi vipande nikitegemea kuchapwa, kumbe naye akakaa chini, akajaribu na kile kilichobaki. Tulijaribu hadi uji ukaungua.

Siku yenyewe babu alikaa mlangoni pa ua na wazee wenzake, kijikapu cha kahawa mbele yao, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kando. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi mwenye duka alipotokea juu ya kilima, mweupe kama yangeyange. Tuliona akipanda juu ya chuma chake. Kisha akaanza kuteremka. Mwanzo alikuja kwa heshima, halafu heshima ikapungua, halafu akaja kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa kiumbe chochote isipokuwa mwewe. Kanzu ilijaa upepo. Alipofika mlangoni petu alikuwa ametoa macho, mdomo wazi, akapiga ukelele wa Kiswahili ambao hakuna aliyeuelewa, akatupita. Kuku walitawanyika. Tukasikia majani yakivunjika kule chini mtoni, kisha kimya.

Tulingoja. Nilidhani atarudi. Rubisi ilikaa, kahawa ikakaa, jua likazama, mwenye duka hakurudi.

Babu alikuwa mtu wa maneno machache, na jioni ile aliyapunguza zaidi. Alichukua kijikapu, akakifunika. "Kama anayo haraka, akatafute mke huko anakokimbilia," akasema, akaingia ndani. Wazee wakaondoka bila kuagana vizuri. Shangazi alikaa karibu na jiko akikoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kukorogwa, na mimi nikaona uchungu moyoni kwa mara ya kwanza kwa jambo lisilokuwa langu.

Asubuhi nilitumwa maji. Mvua haikuwa imenyesha usiku, na njia ilikuwa laini kwa mvua za wiki nzima, kwa hiyo nikaukuta wayo wa kile chuma, mstari mmoja mwembamba kama wa nyoka asiye na mkia. Magurudumu mawili, mstari mmoja! Nilisahau maji. Niliweka kibuyu chini nikaufuata mstari kwenda juu, kinyume cha nilikotumwa. Karibu na kilele nikakuta mistari imekuwa miwili, inaachana na kukutana, na pembeni yake nyayo za mtu. Nikaelewa: kupanda, mtu ndiye anayekitembeza chuma, kushuka, chuma ndicho kinachombeba mtu. Hapo nilijiona nina akili kuliko wazee wote.

Nikageuka, nikaufuata mstari kuteremka. Nyayo zilikoma alipokipanda. Lakini kabla ya kufika kwetu yalianza makovu mawili ardhini, moja kila upande wa mstari, kama mtu amelima kwa vijiti. Mbele ya mlango wa babu yalikuwa na kina kuliko mahali pengine popote. Nikayafuata mpaka mtoni. Mafunjo yalikuwa yamelazwa, kipande cha kanzu kimening'inia kwenye miiba, na kiatu kimoja cha ngozi kimekwama kwenye tope.

Nilimkimbilia bibi. Alikuja na jembe lake mkononi, akatazama, akaufuta mguu wake tope, akaingiza kisigino katika lile kovu. Kiliingia sawasawa. Akaburuta kidogo, akatoa kovu jingine kama lile. Alikwenda kumwita babu.

"Mimi nikague nyayo kama mwindaji?" babu akauliza.

"Ulikuwa mwindaji," bibi akamjibu, "na waitu, mwenzangu, macho hayajaenda popote."

Babu alitoka akijifanya anakwenda kuangalia migomba. Alipoyafikia makovu akapunguza mwendo. Aliyafuata mpaka mtoni, akainama, akachukua kiatu, akarudi nacho polepole. Mlangoni pake akasimama tena, penye kina. "Mtu anayetudharau," alisema hatimaye, "hachuni visigino vyake namna hii ili asimame kwetu." Nilimtazama shangazi mlangoni. Alikuwa amejifunika uso kwa nguo na mabega yanatikisika, sijui kwa kilio au kicheko.

Ndipo akatumwa mtu kwa mwenye duka. Alirudi na habari kwamba breki ya chuma kile ilikatika juu kabisa ya kilima, na kwamba mwenyewe amelala, visigino vimevimba. Hakurudi siku ile kwa sababu kwao pwani mtu hawezi kuwaendea wakwe na kanzu iliyopasuka na tope mpaka kofiani. Aliona bora aonekane mkorofi kuliko aonekane vile. Na ule ukelele aliotupigia, kumbe ulikuwa "Shikamoo!" Babu alicheka mpaka akakohoa. Akaomba afundishwe jinsi ya kuuitikia.

Mwenye duka aliporudi, alisimama juu ya kilima ameshika baiskeli yake, akaweka mkono mdomoni akaita, "Shikamoo, mzee!" Na babu, ambaye alikuwa na neno moja tu la Kiswahili duniani, akasimama mlangoni akalijibu kwa sauti iliyojaza bonde lote: "Marahaba!" Mwenye duka akateremka kwa miguu, akakaa, akatafuna kahawa, shangazi akaolewa.

Tangu hapo ikawa desturi. Alipokuwa na haraka ya kwenda Chonyonyo aliita kutoka juu, akaitikiwa, ndipo akapanda na kuteremka, na mimi nikasimama kando ya njia na kijikapu ili achote punje akipita. Wengine walionunua baiskeli baadaye walifanya hivyohivyo bila kujua ilianzaje. Siku moja alinikalisha juu yake nikamuuliza kwa nini haianguki. Alisema haianguki kwa sababu haisimami. Jibu hilo halijaniridhisha mpaka leo.

Babu hayupo, bibi hayupo, shangazi na mumewe wamelala chini ya migomba yao. Ua ulishaoza, na kahawa yote inapakiwa kwenye magunia, hakuna anayeitafuna. Yule kijana wa mwezi uliopita baiskeli yake ilikuwa na breki nzuri. Nilimwona akizibana kwenye kona, akapunguza mwendo, akanipita bila kugeuza shingo. Sikumkasirikia. Nilitazama tu ardhi mbele ya mlango, pale makovu yalipokuwa na kina. Halafu, nikiwa peke yangu na fimbo yangu, nikasema marahaba kwa sauti, nikaisikiliza ikivuka bonde.