Mahfudha na Kikombe cha Bati

Watu wa Shella wakinisifu kwamba mimi, Awadh, niliponya vifua vingi, huwanyamazisha. Kifua kimoja nilikikosea vibaya, na aliyenisahihisha ni Mahfudha, mpimaji wetu wa maabara, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali kuliko sindano zangu.

Ilikuwa mwaka 1986, katika kituo kidogo cha afya nilikokuwa daktari. Kahindi wa kijiji cha Ganda alikuja akikohoa, homa kila jioni, amekonda hata suruali kaifunga kwa kamba. Picha ya kifua ilionyesha madoa. Nikaandika TB, nikamwanzishia sindano, na mkewe Kahonzi nikamwamuru amtengee mumewe vyombo. Nikajiona hodari.

Mahfudha alipima makohozi yake mara tatu.

"Hakuna kitu, Awadh."

"Rudia."

Akarudia. "Nimeshapima tena. Sasa na wewe rudia kufikiri."

Wallahi nilikasirika. Kwani yeye nani wa kunifundisha kazi? Miezi mitatu ikapita, sindano zikaingia, Kahindi akazidi kuisha. Kila mtu aliona kwamba anakufa isipokuwa mimi.

Mahfudha alikuwa na mazoea yaliyonichosha: mgonjwa wa kifua hakumuuliza kazi yake inaitwaje, alimuuliza mikono yake imeshika nini tangu asubuhi hadi jioni. Kahindi alimjibu "kibarua" tu, akitazama chini. Basi siku yake ya mapumziko Mahfudha akajitanda buibui, akaenda Ganda.

Alimkuta Kahindi ameketi peke yake uani, kando yake kikombe cha bati ambacho hakuna mwingine aliyekigusa. Binti yake mdogo alikatazwa kumkaribia. Lakini kilichomshangaza Mahfudha ni mchicha wa Kahonzi, majani mapana kama sahani, kwenye mchanga ule ule ambao kwa majirani haukuotesha kitu.

"Wautilia nini, mwenzangu?"

"Samadi ya kuku. Mume wangu aliniletea magunia mawili, alipokuwa na nguvu."

Mahfudha akachota samadi kidogo kwenye karatasi, akarudi nayo. Kesho yake akaniita kwenye hadubini. Niliona mbawa na miguu ya wadudu, tele, bila chembe ya mahindi wala unyoya. Kahindi alipokuja kwa sindano, Mahfudha akamwekea ile karatasi mbele yake.

"Kaka Kahindi, huyu ni kuku gani, hali mahindi na hana manyoya?"

Kahindi akacheka mpaka akakohoa, kisha akalia. Alikuwa akimchimbia mwenye shamba mmoja mbolea ya kinyesi cha popo walao wadudu ndani ya pango, kwa koleo, bila hata kitambaa usoni. Pango lile ni la mizimu, wazee hupeleka sadaka mlangoni pake.

"Ningesema, wangeniambia mizimu imenikamata," alisema. "Wakwe zangu wangemchukua mke wangu."

"Mizimu siijui," Mahfudha akamjibu. "Vumbi nalijua."

Alikuwa amesoma kwamba kinyesi kama kile huota kuvu, na vumbi lake likivutwa hushika mapafu, hata picha ya kifua ikafanana na ya TB. Nao ugonjwa huo hauambukizi mtu kwa mtu. Tulipeleka makohozi Nairobi, na jibu likawa kama alivyosema. Kahindi akalazwa Mombasa, dawa ya dripu ikamtetemesha wiki nyingi, lakini alirudi na mashavu. Wenzake wa pangoni Mahfudha aliwatafuta mmoja mmoja, akawapima wote.

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiwe uliyetenga vyombo. Nenda ukavirudishe."

Tukaenda pamoja. Nikamweleza Kahonzi kwamba nilikosea, kwamba mumewe hakuwa wa kuogopwa hata siku moja. Akanisikiliza, huku kamshika binti yake mkono asiende kwa baba. Nilielewa kwamba maneno yangu hayaaminiki tena pale, na nilistahili.

"Nina kiu," Mahfudha akasema. Kahonzi akainuka kutafuta bilauri. "Hicho chatosha." Akachota maji mtungini kwa kile kikombe cha bati, akanywa nusu, akampa Kahindi. Kahindi akapiga funda moja, akamnyooshea mkewe.

Kahonzi alikipokea kwa mkono mmoja, wa pili ungali umemshika mtoto.

"Miezi yote ile nimemlisha mume wangu kama mgeni nisiyemtaka," akaniambia. Akanywa maji yote, akauachilia mkono wa mtoto.