Glasi Namba Saba

Jamani, mmewahi kuona jaji anayejishtaki mwenyewe, tena mbele ya kijiji kizima?

Basi jaji huyo ni mimi. Fresia Catalán, mwonja divai, binti wa mzee Nibaldo wa bonde la Colchagua, kule Chile. Msicheke kwanza.

Kazi yangu ni kunusa, kuonja, kutema na kutoa alama. Nimeifanya miaka kumi na miwili, na pua yangu naiamini kuliko macho.

Mwaka ule niliteuliwa jaji wa divai nyekundu kwenye sherehe ya mavuno kijijini kwetu. Majaji watatu, chupa ishirini, kila chupa imevalishwa mfuko wa karatasi na kupewa namba. Hujui unaonja ya nani. Mshindi ni mmoja tu, na mnunuzi kutoka Santiago anachukua mapipa yake yote.

Shida ni kwamba baba naye alikuwa ameingiza chupa yake.

Na Jumatatu inayofuata trekta lilikuwa linakuja kung'oa mizabibu yake ya aina ya carmenere, ile aliyoachiwa na babu, apande miti ya cheri kama baadhi ya majirani.

"Nikishinda, trekta linarudi lilikotoka," aliniambia. "Nikishindwa, basi. Nimechoka kuzeeka na divai isiyotakiwa na mtu."

"Basi nionjeshe kidogo, baba."

"Thubutu! Si wewe jaji? Hata harufu hupati."

Siku ikafika. Glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, za kawaida tu.

Ya nne ikanisimamisha. Matunda meusi, viungo kwa mbali, laini ulimini. Aisee, niliona uchungu kuitema! Nikaandika tisini na tatu kati ya mia bila kupepesa macho.

Ya tano, ya sita. Nikainua ya saba, nikanusa.

Moyo paa!

Pilipili hoho. Ile harufu ya hoho iliyochomwa, ndiyo harufu ya divai ya baba tangu niko mdogo. Carmenere ukiichuma mapema hunuka hivyo, na baba kila mwaka huchuma kwa pupa kwa kuogopa mvua. Miaka kumi mizima namtania: "Baba, hii divai au kachumbari?" Na yeye ananuna mpaka chakula cha jioni.

Alama yake ya haki ilikuwa themanini na sita. Nikainua macho, nikamwona baba safu ya mbele, ameifinyanga kofia yake mpaka imekuwa tambara.

Nikaandika tisini na saba.

Ndiyo, niliiba. Simsingizii shetani, nilijipeleka mwenyewe.

Tulipomaliza zote, Bi Zunilda, mwenyekiti wetu, akajumlisha alama ubaoni kabla mifuko haijachanwa.

"Namba saba inaongoza! Namba nne imepitwa kwa alama moja tu!"

Watu wakashangilia. Baba naye akapiga makofi, na viganja vyake vile vilivyokakamaa kwa kazi, hajui hata anampigia nani.

Hapo namba nne ikanirudia ulimini. Kuna mtu aliihangaikia ile divai mwaka mzima, na mimi nimempora mchana kweupe. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa.

"Subirini!" Nikasimama. "Bi Zunilda, nimedanganya. Namba saba ni ya baba yangu. Nimeijua kwa harufu, nikaiongezea alama. Zifuteni."

Baba ananitazama mdomo wazi.

Nilijua nimemtia mchanga kitumbua chake kwa mkono wangu mwenyewe. Mizabibu ya babu kwisha. Nikaanza kulia palepale, kamasi na kila kitu.

"Kiti hicho hukikalii tena, dada," Bi Zunilda akaniambia, uso umekunjamana. Akafuta alama zangu zote, akapiga hesabu upya. Namba nne ikapanda juu.

Kisha akachana mfuko wa namba saba.

"Oriel Maturana!"

Mzee Oriel, jirani yetu, mpinzani wa baba tangu wakiwa shule, akaruka kama kakanyaga siafu.

"We Fresia! Tangu lini mimi ni baba yako? Mama yako ana habari?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama akamrushia empanada, ile sambusa yetu ya kuoka, ikampata begani. Mimi natamani ardhi ipasuke inimeze.

Bi Zunilda akachana mfuko wa namba nne. Akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Nibaldo Catalán."

Baba hakushangilia. Alijifunika uso kwa ile kofia, mabega yakawa yanatikisika.

Nikamkimbilia. "Baba, sasa hoho imekwenda wapi?"

"Si ulinisema miaka kumi?" Akajifuta macho. "Mwaka jana nikaziacha zabibu mtini wiki tatu zaidi, mpaka majani yakawa mekundu. Oriel, carmenere yake kashaichuma mapema, kila siku yuko uzioni: 'Nibaldo, unangoja ziwe zabibu kavu?' Usingizi sikuupata kwa hofu ya mvua. Nilitaka siku moja uonje, ukose la kusema."

Nilimkumbatia nikashindwa kumwachia.

"Haya, ulinipa ngapi?" akaniuliza sikioni.

"Tisini na tatu."

"Na Oriel?"

"Tisini na saba."

Alinisukuma huyo!

Trekta liligeuzia langoni Jumatatu. Mimi ujaji sijarudishiwa hadi leo, na wala silalamiki.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani namjua baba yangu kwa harufu, kumbe nilikuwa namjua yule wa zamani. Huyu wa sasa alikuwa amebadilika, tena kwa sababu alinisikiliza mimi. Watu wako wa karibu nao wape nafasi ya kuonjwa upya.

Na kila Jumapili baba akinimiminia glasi, huwa haniulizi kama ni tamu. Ananiuliza: "Nikuitie na baba yako Oriel?"