Rangi ya Mashavu ya Mwanamisi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, ndani ya nyumba yangu hapa Msambweni, miaka ya hamsini, tena mchana kweupe. Wallahi siongezi chumvi.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha. Alizunguka na kamera yake kutoka Ukunda mpaka Majoreni, leo harusi, kesho maulidi. Picha za siku hizo zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Aliyetaka rangi alipakiwa kwa mkono, na mpakaji nilikuwa mimi, maana wanawake wa kwetu wasingekubali mwanamume asiyewahusu akae na sura zao siku nzima akizipapasa kwa kijiti. Astaghfirullahi! Nilikuwa na vijiti vyangu nilivyovizungushia pamba, rangi za mafuta kutoka Mombasa, na tapentaini ya kufutia nikikosea. Rangi ile haikauki upesi. Ikiwa mbichi unaifuta ikatoka yote. Ikishakauka, basi tena.

Sasa, picha haikwambii mtu ana rangi gani. Mweusi, mweupe, maji ya kunde, utajuaje? Kwa hiyo nilikuwa nikimuuliza mteja: ana rangi ya nani? Naye hunitajia mtu ninayemjua, au hunionyesha aliye karibu. Ndivyo kazi ilivyokwenda.

Siku hiyo mume wangu alikuwa msikitini kwa sala ya adhuhuri. Jua lilikuwa la utosi, saa ambayo sisi tulikatazwa tangu utotoni kutembea ovyo. Mwanamke akapiga hodi, amejitanda buibui na uso kaufunika. Tukaamkiana vizuri, nikamkaribisha. Akatoa picha ya mtoto wa kike aliyelala kitandani, macho wazi. Nikamuuliza rangi. Akamnyooshea kidole binti yangu, Mwanamisi, aliyekuwa akicheza na vifuu pale chini.

"Kama huyu," alisema. "Mtoto mzuri huyu."

Hakusema mashallah. Nililiona hilo, lakini mgeni akikusifia mwanao utamfanyaje, utamnunia? Nikajibu kama anavyojibu kila mwanamke wa pwani aliyefunzwa adabu: "Wako huyo."

Akaniachia picha, akasema ahsante, akaenda zake. Hebu niambie, nani hushukuru neno lile? Linasemwa tu, likapita.

Nikaanza na macho, kama nilivyozoea. Jioni yake Mwanamisi akawa anajigonga kwenye vigoda. Kesho yake nikapaka mashavu, mtoto akashikwa na homa, mashavu yakamfifia. Nikapaka midomo, yake ikapauka. Niliendelea kupaka huku nimempakata, kwa sababu kazi ya watu ni amana, na akili yangu yote ilikuwa kwenye ile homa. Ningejuaje?

Tukampeleka hospitali. Wakasema damu imepungua, wakatupa dawa. Mama mkwe akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, mtoto akanywa. Hakupata nafuu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi na hakuweza tena kuinua shingo. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Sikuwa na mwingine, jamani. Wenzake wote niliwazika wachanga, na yeye ndiye aliyeniita mama. Nilimwambia Mungu kama anataka mtu anichukue mimi.

Mume wangu akatoka kwenda kutafuta gari la kumpeleka Mombasa. Nikabaki naye peke yangu, nikimpangusa uso kwa kitambaa cha maji, na hapo ndipo nikaona kidevu chake kimekuwa laini. Mwanamisi alikuwa na kovu pale, aliungua kwa uji akiwa mdogo. Nikatafuta kwa kidole, hakuna. Nikageuka, nikaitazama ile picha niliyoianika juu ya kabati. Mtoto wa pichani alikuwa na kovu kidevuni, jekundu, ambalo mimi sikulipaka.

Nikaishika ile picha, na kabla sijajua nifanye nini, yule mwanamke alikuwa amesimama ndani. Safari hii hakupiga hodi.

"Nipe picha yangu," alisema. "Mtoto ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa adabu," nikamwambia. "Sikukupa mtoto."

Akafunua uso. Niamini, uso ule haukuwa na rangi. Si mweupe, si mweusi. Kijivu, na midomo kijivu, na ulimi wa kijivu alipofungua kinywa, kama picha kabla sijaigusa. Akaanza kulia. Aliniambia wa kwake amelala vile siku nyingi mno, hamwoni, hamwitikii, na yeye pia ni mama. Nilimhurumia, sitakudanganya. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, huku mkono unatafuta chupa ya tapentaini.

Nikamimina kwenye pamba nikafuta. Midomo ikatoka. Nyuma yangu Mwanamisi akakohoa. Nikafuta mashavu, nikafuta shingo, mikono, kovu, na nikasikia pumzi yake ikiingia na kutoka kwa nguvu. Yule mwanamke hakunigusa, alisimama tu analia. Yakabaki macho. Niliyapaka kwanza, tena rangi chembe tu, yalikuwa yamekwisha kukauka. Nikasugua. Nikasugua na Bismillahi, nikasugua mpaka karatasi ikaanza kuchanika pembeni, na macho yako palepale yananitazama.

Yule mwanamke akaichukua picha taratibu mkononi mwangu.

"Acha," alisema. "Macho yatanitosha. Angalau ataniona."

Akatoka juani. Nilipokimbilia mlangoni sikuona mtu njia nzima.

Nikarudi kitandani. Mwanangu alikuwa ameketi, midomo myekundu, mashavu yamemjaa, jasho linamtiririka. Nikamkumbatia nusura nimvunje mbavu. Akanipapasa usoni kwa viganja vyote viwili, akauliza, "Mama, mbona usiku?"

Ilikuwa mchana, na dirisha li wazi.

Rangi zote nilizitupa chooni siku ileile. Madaktari wa Mombasa walimtazama, wakasema macho ni mazima, hawana la kutibu. Na wewe unayenisikiliza, ukae macho. Mgeni akikusifia mwanao, mtake aseme mashallah hata kama atakuona huna haya, na ulimi wako usimgawe mtoto kwa kutaka kupendeza watu. Adabu ina mipaka yake, na mimi nilifundishwa adabu sikufundishwa mipaka.

Mwanamisi ni mtu mzima sasa. Anasuka ukili wa mikeka hapa barazani, wala hakosei hata kamba moja. Juzi nilimuuliza kama anaikumbuka sura yangu. Alicheka, akasema mama, mbona ninakuona kila siku. Akaanza kunieleza nilivyo: ninamwinamia kwa karibu, ninalia, na uso wangu ni wa kijivu mpaka midomo.