Sahihi Yangu Mbele ya Mwalimu wa Hamisi

Wenzangu, mimi Mwajuma binti Saidi wa Isevya, aibu hii nimejitafutia mwenyewe.

Mjukuu wangu Hamisi anasomea shahada ya pili. Tasnifu yake inaeleza jinsi akili ya mtu asiyejua kusoma inavyoshika mambo, na nguzo yake ni mimi. Nilimtajia wapagazi sitini wa msafara wa baba, kama baba alivyonifundisha: Mihayo mbele, Kasanda nyuma yake, mpaka Shija wa mwisho. Sikumruka hata mmoja.

Nilimficha jambo moja tu. Tangu mwaka jana naenda kisomo cha watu wazima, nikataka kumshangaza siku yake kubwa.

Siku hiyo ikafika: mwalimu wake akaja nyumbani kuhakikisha aliyoyaandika. Maswali magumu Hamisi akayajibu kama anayebambua karanga, moyo wangu ukajaa. Kisha mwalimu akanisogezea karatasi na wino.

"Bibi, weka dole gumba hapa."

"Dole la nini, mwanangu? Nipe kalamu!"

Nikaandika jina langu lote, herufi nene kama mihogo, nikainua uso kungoja pongezi. Mwalimu akamgeukia mjukuu wangu.

"Hamisi, huyu ndiye bibi asiyejua kuandika?"

Angeweza kusema nimekariri jina tu. Badala yake akanibusu mkono.

"Ndiye, mwalimu. Nilimuuliza majina ya watu wote, habari zake mwenyewe sikumuuliza. Kosa ni langu, sura ya tasnifu inayomhusu nitaiandika upya."

Nami kalamu bado ninayo mkononi.