Milingoti ya Danford

Wewe unayepanda milingoti, hiyo mikaratusi, mpaka kwenye jicho la maji, halafu kiangazi unalalamika bonde limekauka, umenichosha. Kaa nikupe habari za Mama Flora, jirani yetu hapa Lyamkena.

Jina lake Esnath. Ana vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima mvua zikiisha. Mwaka aliozaliwa Flora, mumewe Danford alizungusha milingoti thelathini kwenye chemchemi inayonywesha vinyungu hivyo. Huku ndivyo tulivyo: mtoto akizaliwa unapanda miti, akikua miti imsomeshe. Danford akachagua penye unyevu ili ikue haraka. Ikakua kweli, maana mlingoti hauna adabu kwenye maji.

Danford akafariki Flora yuko darasa la pili. Mama akashindwa kuikata. Siku za kupanda yeye alikuwa anashika mche, mumewe anashindilia udongo, na anakumbuka kila mti waliupanda wakicheka nini.

Mwaka juzi chemchemi ikabaki tope. Mwaka jana hata tope hakuna. Mama wa miaka sitini na mbili akawa anabeba ndoo toka bomba la kanisani kumwagilia mboga zake za figiri, nusu zikafa.

Julai Flora, ambaye ni mwalimu Njombe, akaja na Methodi, fundi wa chenso, ule msumeno wa injini. Nilishuka nao. Tulimkuta mama kakaa na baridi ile, mgongo kwenye mlingoti mnene. Nikamsalimia kamwene, akaitikia bila kututazama. Akasema baba yake Flora aliipanda ili mtoto asome, haikatwi ovyo.

Flora akachuchumaa. "Mama, mimi nimesomeshwa na vinyungu vyako. Hii miti haijaninunulia hata kalamu."

Mama akapapasa gome la ule mlingoti. Halafu akasema, "Mbishi kama yeye." Akamwambia Methodi aanze na ile ya mbali, huu amwachie mpaka saa kumi.

Saa kumi akainuka mwenyewe.

Visiki anavibandua magome kila wiki visichipue. Katikati kapanda mivengi, miti yetu ya bondeni inayokaa vizuri na maji. Chemchemi haijarudi yote. Ila mwezi huu kajaza ndoo moja hapo hapo, akaniita nikaone.

Milingoti ipeleke mlimani. Na kama ya bondeni ilipandwa na marehemu wenu, naomba mumwache mama akae nayo siku moja. Halafu kateni.