Kumbikumbi Kwenye Sahani ya Bi Nana

Rosebella alipotoka kuoga akakuta meza tupu, alishika kichwa. "Yesu wangu! Sahani iko wapi?"

Mnamjua Rosebella, yule karani wa ghala kule Shimanzi, Mluhya wa Kakamega, aliyepanga chumba cha juu kwa Bi Nana hapa Kuze. Mpangaji jina tu. Bi Nana humwita mwanangu, na akiumwa huyo ndiye wa kwanza kuitwa. Ramadhani ikiingia, kila jioni hupandishiwa sahani ya futari, naye kama sisi sote hairudishi tupu. Leo maembe, kesho kaimati za kununua, maana kuzipika, masikini, hajui.

Sasa siku hiyo mamake alikuwa amemtumia kumbikumbi kwa basi. Akawakaanga kwa chumvi mpaka wakanukia, akawatia kwenye sahani ya Bi Nana kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akafunika kawa, akaenda kuoga. Jamani, sahani zote alizo nazo! Shukri, bintiye Bi Nana, akapanda, akapiga hodi asijibiwe, akaona sahani yao imefunikwa vizuri. Akashuka nayo, akidhani ndiyo wanayorudishiwa jioni hiyo.

Nzige tungekula. Kumbikumbi hapana, kwetu ni haramu, na Rosebella analijua hilo. Watu wamefunga kutwa, magharibi imekaribia, na wadudu wako mkekani katikati ya tambi na viazi!

Akampigia simu Jacinta, mwenzake wa kazini.

"Nyamaza," Jacinta alimwambia. "Hawana mabawa, watadhani karanga. Ukisema utafukuzwa."

Akakaa kitandani. Chumba kingine atapata, Mombasa haikosi vyumba. Lakini nani mwingine atamwita mwanangu? Mwisho akateremka ngazi mbio, miguu mitupu, nywele zinachuruzika maji.

Adhana ikamkuta mlangoni. Bi Nana alikuwa na tende mkononi.

"Mama, msile! Ile sahani ni kumbikumbi, ni wadudu! Nisamehe, mama."

Bi Nana alikula tende yake taratibu, akanywa maji. Sahani ilikuwa pembeni, haijaguswa.

"Niliwaona Shukri alipofunua tu," alisema. "Alitaka kupanda akuulize, nikamkataza. Nikamwambia, yule ni mwanangu, atashuka mwenyewe sasa hivi." Akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Mbona umekawia hivyo, Rosebella?"

Kusikia anaitwa kwa jina, si mwanangu, Rosebella alilia pale pale mlangoni.