Ndevu za Natani na Ijumaa ya Kibirizi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, tukiwa kwenye stoo ya mbao kule Gungu tulikokuwa tukifanyia mazoezi ya bendi, akaingia mwanamume mmoja na gitaa begani, akasalimia, na hakuna aliyemjibu. Tulidhani ni mgeni aliyekosea mlango. Alipocheka ndipo tukaijua sauti: alikuwa Natani, mwimbaji wetu, tuliyekuwa naye mwaka wa pili. Ndevu zake zilizokuwa zikimfika kifuani alikuwa amezinyoa zote, na ile kofia yake nyeusi, pana kama sahani ya pilau, hakuwa nayo.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja ukaniambia umechoka na unachoimba, unataka kubadilisha muziki na mwonekano, na unaogopa watu watasema umepotea. Kaa vizuri, weka simu pembeni. Nina neno la kukuambia, ila nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana sipendi kumfundisha mtu huku nimejikweza kama mtu ambaye hajawahi kuharibu kitu.

Natani alikuwa Myahudi. Usinitolee macho, na sisi tulishangaa hivyo hivyo. Alitoka vilima vya Mbale, Uganda, mweusi kama mimi na wewe, kwenye jamii iliyoshika dini ya Kiyahudi tangu enzi za babu zake. Kigoma aliletwa na kampuni moja kama fundi wa jenereta. Kampuni ikaondoka, yeye akabaki, na rege ndiyo iliyombakisha. Alipopanda jukwaani na ndevu zile, kofia ile, na nyuzi nyeupe zikining'inia kiunoni kama dini yake inavyotaka, watu hawakujua wamweke fungu gani. Wazee wa Ujiji walimpa salamu alaikum wakidhani katoka msikitini. Vijana walidhani ni Rasta aliyesahau kusokota nywele. Wakaishia kumwita Shehe Rasta, na jina hilo likajaza kumbi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwitikiaji wa bendi, na ndiye niliyepanga maonyesho yote, kwa kuwa wale wanaume wanne hawakuweza kupanga hata viti. Nilikuwa mtoto wa Ujiji, wa nyumba ya watu wa swala tano. Nyumbani nilitoka na ushungi, na nilipofika jukwaani niliuvua nikautia kwenye pochi. Mtaani wakasema nimeritadi. Shangazi yangu mmoja aliacha kabisa kula chakula nilichopika mimi. Iliniuma sana, mwanangu, kwa sababu sikuwa nimeacha hata swala moja, na katika wote waliosema hakuna aliyekuja kuniuliza.

Natani naye alikuwa na lake. Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama alifunga sanduku la spana, akaweka gitaa, na hakugusa kazi mpaka Jumamosi jioni nyota zionekane. Hata gari hakupanda. Tulilijua hilo tukalizoea, na maonyesho yetu yote niliyapanga kulikwepa.

Sasa siku ile ya kunyoa, Mzee Asukulu, mpiga ngoma wetu, Mbembe ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, ndiye aliyemuuliza sababu. Natani akasema, "Mzee, watu wanakuja kuangalia ndevu. Nikiimba vizuri wanashangilia, nikiimba ovyo wanashangilia vilevile. Nimechoka kuwa picha ya ukutani."

Akatueleza anachotaka. Alikuwa anapanda kijiji cha Kalinzi, kule milimani, mara kwa mara kutengeneza mashine ya kukoboa kahawa, na huko aliwasikia akina mama wa Kiha wakiimba shambani, mmoja anaanzisha, wengine wanampokea kwa makofi yaliyopishana. Alitaka makofi hayo. Kinanda akakitoa, ngoma ya Mzee Asukulu akaileta mbele, gitaa likawa la kudonoa noti chache tu. Juu yake akaweka sauti za Zaburi alizokuwa akiimbiwa na bibi yake. Rege ilibaki chini, kwenye besi, kama mtu anayetembea polepole chumba cha pili.

Nikuambie ukweli, muziki ule niliupenda siku hiyo hiyo. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nawaza mengine. Nilijisemea: amenyoa, kofia kavua, basi mambo ya dini yamekwisha, sasa tutapiga hata Ijumaa. Laiti ningesikiliza alichokuwa anaimba, maana alikuwa anaimba sala zake waziwazi kuliko wakati wowote wa ndevu. Sikusikiliza, nilikuwa naangalia kidevu.

Unajua wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Siku hizo hupumzika, wakarekebisha nyavu, wakaoa, wakafanya sherehe. Mwezi ule wenye mitumbwi wa Kibirizi, ule ufukwe wa dagaa, waliandaa sherehe yao kubwa, na mwenyekiti wao akaniuliza tunataka kupiga Ijumaa au Jumamosi. Kulikuwa na bendi nyingine inayotunyemelea, na kila mtu alikuwa anasubiri kuona Shehe Rasta bila ndevu atakuwa nani. Nilitaka tutangulie sisi. Nikajibu Ijumaa, tena haraka, bila hata kumeza mate.

Natani alikuwa Kalinzi wiki nzima. Nilimtumia ujumbe kwa dereva wa lori la kahawa: ateremke Ijumaa mchana, kuna sherehe ya wavuvi. Siku ya onyesho sikuitaja. Nitakuwa mwongo nikisema nilisahau. Ndani yangu kulikuwa na kitu kilichojua nikiitaja atakataa, na nilikifunika.

Akafika Kibirizi Ijumaa saa nane, vumbi la Kalinzi hadi kwenye kope, anacheka. Tulikuwa tunafunga spika pale ufukweni, karibu na chanja za dagaa.

"Kwa hiyo tunafanya majaribio leo, onyesho kesho?" akaniuliza.

"Onyesho leo. Saa kumi tunaanza, mpaka usiku."

Akaliangalia jua, kisha akaniangalia mimi. "Zaituni, leo Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Lakini si umeshanyoa? Sasa shida iko wapi?"

Niliyasema mbele ya bendi nzima na mbele ya akina mama wa dagaa, kwa sauti ya mtu anayejiona ameshinda. Uso wa Natani ulibadilika, ukawa wa mtu aliyepigwa na ndugu yake. Akaenda kukaa juu ya ubavu wa mtumbwi, akatugeuzia mgongo.

Mzee Asukulu akaacha kukaza ngozi ya ngoma. Hakuwa mtu wa maneno mengi yule, na hakupandisha sauti.

"Weye Zaituni, ushungi wako uko wapi?"

"Kwenye pochi, Mzee."

"Adhuhuri umeswali?"

"Nimeswali, Mzee."

"Na ushungi uko kwenye pochi." Akarudi kwenye ngoma yake. "Mie siku zote nilijua unaswali. Nilikuuliza siku ile ya kwanza, unakumbuka? Mwenzio umemuuliza lini?"

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, na nyingi nilistahili, lakini hakuna iliyoniingia kama ile. Niliona aibu. Walichonifanyia watu wa mtaani kwetu, kile kilichonilaza mto umelowa machozi, nami nilikuwa nimemfanyia mtu aliyeniamini, tena kwa makusudi.

Nikamwendea mwenyekiti wa wavuvi nikamwomba bendi ipige mwanzo, kabla ya hotuba. Akanijibu kwa upole kwamba haiwezekani, mgeni rasmi hajafika. Ikafika saa kumi, ikafika saa kumi na moja, mgeni rasmi hayupo. Alipokuja akahutubia kama anayelipwa kwa neno. Mimi nimesimama pembeni naliangalia jua likishuka kuelekea milima ya Kongo, na sikuwahi kuliona likiwa na haraka kiasi kile. Natani alikuja akasimama karibu nami, akanyoosha mkono kupima kwa vidole kati ya jua na milima.

"Wimbo mmoja," akasema. "Ukiisha ninashuka."

Tulipoitwa jukwaani vilibaki vidole viwili vya jua. Akapanda kidevu wazi, shati la kawaida la fundi. Watu wakaanza kutafutana kwa macho: Shehe Rasta yuko wapi? Mmoja akapaza sauti kwamba tumewaletea fundi wa jenereta, na umati ukacheka. Natani akapiga wimbo mmoja wa ule muziki wake mpya. Mwanzoni watu hawakujua waushike wapi, wamezoea rege ya kurukaruka. Alipofika katikati kelele zilikuwa zimepungua. Sauti yake ilikuwa peke yake sasa, haina ndevu za kujificha, na nakuapia alikuwa mwimbaji mkubwa kuliko tulivyokuwa tukijua. Wimbo ukaisha, akamkabidhi Mzee Asukulu gitaa, akashuka, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Gungu.

Umati ukachemka. Wanaume waliokuwa wamesubiri tangu saa kumi walianza kupiga miluzi, na mwenyekiti akanitazama mimi. Ningeweza kusema mwimbaji anaumwa. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kabisa. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Jamani, kosa ni langu. Mwenzetu ni Myahudi, siku yake ya ibada inaanza jua likizama. Mimi niliijua nikapanga onyesho juu yake bila kumuuliza. Msimlaumu yeye."

Mvuvi mmoja mzee, kanzu yake ya Ijumaa bado mwilini, akasema kwa sauti, "Mwacheni aende. Mtu na ibada yake." Na wengi waliokuwa na kanzu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu na wao walikuwa wametoka msikitini mchana ule. Natani alikuwa bado hajafika barabarani. Aliyasikia yote.

Nikawa nimesimama na kipaza sauti, sina mwimbaji. Mzee Asukulu akaanza kupiga mwenyewe, taratibu. Nikaimba mimi. Sikuwa na sauti ya Natani na sikujaribu kuwa nayo. Niliimba nikawaomba akina mama wa dagaa makofi, nikiwaonyesha kwa mikono yanavyopishana, na wale waliotoka vijiji vya juu hawakuhitaji kuonyeshwa. Wakanipokea. Baadhi ya watu waliondoka, sikufichi, na kesho yake ile bendi nyingine ilitutania jukwaani mpaka ikachoka. Ila waliobaki walicheza.

Jumamosi nyota zilipotoka, Natani alikuja kwetu Ujiji. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kuomba radhi, yakanipotea yote. Nikasema tu, "Nisamehe. Nilidhani umeacha."

Akasema, "Hilo la kudhani lisingeniuma. Kila mtu anadhani. Lakini wewe nilikuwa naonana nawe kila siku, Zaituni. Hukuniuliza."

Nililia. Akanisamehe, akanywa chai, akala na maandazi yangu manne. Tulipiga pamoja miaka miwili zaidi, na Ijumaa haikuguswa tena. Watu walichukua muda kuuzoea muziki ule, wengine hawakuuzoea kamwe, wakaendelea kudai ndevu zirudi. Lakini alipoondoka kurudi kwao Mbale, akina mama wa Kibirizi walikuwa wakiziimba nyimbo zake huku wanageuza dagaa juani, na hakuna aliyekuwa akikumbuka kofia ilikuwa na rangi gani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Badilisha muziki wako. Ukitaka kunyoa, nyoa, ukitaka kusuka, suka, na usinisubiri mimi wala mtu yeyote akuruhusu. Sauti ni yako na kidevu ni chako. Lakini kabla hujabadilisha lolote, kaa peke yako ulijue lile moja ambalo hutalitoa hata wakikujazia uwanja, kwa sababu siku watakayokutaka ulitoe haitakupa nafasi ya kufikiri. Natani hakutetemeka pale ufukweni kwa kuwa alikuwa amekwisha kuamua zamani. Na watakaosema umepotea, wape muda. Asiyekuuliza hana haki ya kupewa maelezo, ila akija mmoja kukuuliza kwa moyo safi, mjibu kwa upole, usimchoke.

Na siku ukimwona mwenzako kabadilika, nguo, nywele, au rafiki zake, usifanye nilichofanya mimi. Mwendee umuulize, hata kama unaogopa jibu. Hasa kama unaliogopa.

Mungu akupe sauti unayoitafuta. Akuwekee karibu watu wa kukuuliza kabla ya kukuhukumu, na ukikosea kama nilivyokosea mimi, akupe mtu wa kukukemea mchana kweupe, wakati bado aliyeumizwa yupo karibu na anaweza kukusikia ukisema kosa ni langu. Inuka sasa uende mazoezini, wenzako wanakusubiri.